Nepi ya mama inavuja kila usiku, niweke nini ndani?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa Pangani, kitindamimba katika watoto wanne, na ndiye niliyebaki nyumbani na mama. Mama ana miaka 71. Mwaka jana alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Kusema anasema, ingawa kwa taabu, na akili yake ni timamu kabisa. Kilichobaki kutusumbua ni mkojo. Akija kuusikia, umeshatoka.

Mwanzo tulikuwa tunamvalisha pampasi za watu wazima. Pakiti ya kumi haimalizi siku tatu, na kaka zangu walioko Dar wanatuma hela mwezi mmoja, mwezi unaofuata wanachelewa. Nikaenda kwa fundi cherehani akanishonea nepi sita za kitambaa: nje kitambaa cha mwavuli, ndani flana, ubavuni kamba za kufunga, na katikati ameacha mfuko wa kutia kitu cha kufyonza. Nepi zenyewe mama amezipenda, anasema hazipigi kelele akigeuka kama zile za plastiki. Kasheshe ni hicho cha kutia ndani.

Nimejaribu khanga kuukuu nikazikunja. Nimejaribu vitambaa vya maikrofaiba, vile vya kufutia magari. Nilinunua dazeni mbili kwa sababu muuzaji alimwaga maji mezani, kitambaa kikayanywa yote mbele ya macho yangu. Nimejaribu hata kuweka pampasi ya mtoto ndani ya nepi ya mama. Vyote vinavuja. Maikrofaiba ndiyo imenishangaza zaidi: mama akiwa amelala haina neno, nikimkalisha tu kwenye kiti maji yanachuruzika mapajani. Taulo nene nililolikunja mara nne na kulishona pande zote halikuvuja sana, lakini kwa masika haya lilichukua siku tatu kukauka na likaanza kunuka uvundo.

Sasa mama ametoka wekundu mapajani na ninampaka mafuta ya mgando kwa wingi. Kaka mkubwa amesema tumpunguzie maji ya kunywa kuanzia mchana. Na linaloniuma kuliko yote, mama ameacha kuswali. Anasema hawezi kusimama mbele ya Mungu akiwa na najisi.

Nimesikia watu wakizisifu pedi za mianzi na za hempu, na kuna mtu mjini Tanga yuko tayari kuniagizia, ila bei imenitisha. Shangazi, niagize? Au kuna kitu kingine cha kutia ndani ambacho sikijui?

Binti yake, Pangani

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Mlezi anayegundua kwamba nepi inavuja mama akikaa na haivuji akilala ni mlezi anayeangalia kwa makini. Nusu ya jibu umeshaiandika mwenyewe.

Usiagize kitu kwanza. Khanga kuukuu, taulo na hata hizo maikrofaiba zako vinafaa, vyote vitatu. Kilichokosekana ni kujua kila kimoja kinafanya kazi gani na kinakaa nafasi gani. Pedi ya ndani ichague kwa mambo mawili: ishike mkojo hata mtu akiukalia, na iwe imekauka kabla zamu yake haijarudi. Unene peke yake haukupi lolote kati ya hayo, na taulo lako limekuonyesha.

Tuanze na kiasi, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Kibofu cha mtu mzima hubeba kama mililita 300 hadi 500. Fikiria chupa ndogo ya maji ya kunywa, ile ya nusu lita, imemwagwa yote kwa mkupuo mmoja. Kwa siku nzima mtu anayekunywa vizuri hutoa lita moja hadi mbili. Mtoto mchanga kwa mara moja hutoa vijiko vichache tu vya chakula. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ushauri unaousikia mitaani kuhusu nepi za kitambaa, ambao ni wa watoto, haumfai mama yako. Na pampasi ya mtoto uliyoweka ndani ilikuwa na kosa la pili: mgongo wake ni plastiki. Ikishajaa, mkojo hauwezi kupenya kwenda kwenye kitambaa kilicho chini yake, unamwagika pembeni. Ukiutoboa huo mgongo, ile jeli ya ndani itatoka na kukuharibia nguo zote kwenye beseni. Achana nayo.

Sasa maikrofaiba. Zile ni nyuzi za plastiki, poliesta iliyochanganywa mara nyingi na nailoni, zimechanwa nyembamba mno. Maji hayaingii ndani ya uzi, yanakaa kwenye nafasi zilizo kati ya uzi na uzi. Ndiyo maana kitambaa kinayanywa mara moja, na ndiyo maana ukikikalia zile nafasi zinabanwa na maji yanarudi nje. Pamba haiko hivyo. Maji mengine yanaingia ndani ya uzi wenyewe, unavimba na kuyashika, hivyo ikiminywa inatoa kidogo. Muuzaji alikuonyesha kunywa tu. Kushika hakukuonyesha.

Jipimie mwenyewe jikoni. Weka pedi unayotaka kuijaribu kwenye sinia, mimina maji nusu lita taratibu, subiri dakika tano. Kisha weka kibao cha kukatia mboga juu yake na ukiegemee kwa mikono yote miwili, uzito wako wote. Maji yatakayojaa kwenye sinia ndiyo ambayo yangejaa kitandani. Fanya hivyo kwa maikrofaiba peke yake, kwa khanga iliyokunjwa, kwa taulo, halafu kwa maikrofaiba iliyolazwa juu ya khanga. Hapo kwenye mchanganyiko wa mwisho utaona zile dazeni mbili hazikupotea bure. Maikrofaiba ikiwa juu inaudaka mkojo unaokuja kwa kasi, na mama akiikalia inautemea chini kwenye pamba, nayo pamba inaushika. Sharti lake moja: maikrofaiba isiguse ngozi. Inakausha mafuta ya ngozi na kuikwaruza, na ngozi ya mtu wa miaka 71 ni nyembamba.

Kabla ya kubadilisha chochote, nataka pia uisome nepi ya asubuhi. Usiitumbukize kwenye ndoo. Itoe pedi, iminye kwa vidole mbele, katikati na nyuma. Ikiwa imelowa chepechepe mwanzo hadi mwisho, basi kiasi ndicho hakitoshi, ongeza tabaka. Ikiwa nyuma imelowa na mbele ni kavu, kiasi kinatosha ila kimekaa mahali pasipohitajika. Mwanamke akilala chali, mkojo unaelekea nyuma. Akilala ubavu, unakimbilia nyonga ya upande ule. Mama yako analalia upande gani? Pedi ya ziada iegemee huko. Na ikiwa pedi karibu yote ni kavu lakini shuka limelowa, basi tatizo halimo ndani ya mfuko kabisa, liko kwenye nepi.

Hapo ndipo urudi kwa fundi wako na nepi moja mkononi. Mwulize mambo mawili. Kwanza, flana ya ndani imefika mpaka ukingoni kwenye paja? Kama imefika, inavuta mkojo kutoka ndani na kuupeleka nje kwenye shuka, hata kama pedi ina nafasi. Flana ikatwe iishie ndani, na ukingo ufunikwe kwa kitambaa kisichopitisha maji. Hata khanga ikichungulia kidogo pembeni inafanya vivyo hivyo. Pili, ule mfuko ameushona mpaka kwenye kitambaa cha nje? Kila tundu la sindano pale chini ya makalio ni mlango. Mfuko ushonwe kwenye flana peke yake.

Na kitambaa cha mwavuli chenyewe nina wasiwasi nacho kwa usiku. Kinazuia mvua inayodondoka na kuteleza, hakikutengenezwa kukaliwa. Shika kipande, kifanye kama mfuko, tia maji, kisha kandamiza kwa kidole gumba. Kama upande wa nje unatoka matone, kitumie mchana tu. Za usiku zishonwe kwa poliesta iliyopakwa poliyuritani, ile inayotumika kwenye nepi za watoto za kufua, hata kama ni mbili tu. Chini ya shuka weka mpira wa kitandani, makintoshi, usimlaze juu yake bila shuka kwa sababu unampa joto na jasho.

Tukija kwenye pedi zenyewe, kwa mchana nategemea khanga kuliko kitu kingine chochote. Khanga moja ina kama sentimita 150 kwa 110. Ikate katikati upate vipande viwili vya 75 kwa 110. Kunja ile 110 mara tatu, kisha ile 75 mara tano. Unapata pedi ya sentimita 37 kwa 15 yenye tabaka 15 za pamba. Urefu huo unatosha kuanzia mbele hadi chini ya makalio bila kufika kwenye kifandugu, na hilo ni muhimu sana kwa mtu anayelala muda mrefu. Kunjo nene likikaa kwenye mfupa ule linabana ngozi na kidonda cha kulalia kinaanzia hapo hapo. Hakikisha pindo la khanga haliko upande wa juu, na pitisha kiganja kuona kama kuna mkunjo kabla hujamfunga.

Uzuri wa khanga ni kwamba ukiifua unaikunjua. Kwenye kamba inaning'inia tabaka moja, na hata siku ya mawingu upepo wa bahari unaikausha. Taulo lako lilioza kwa sababu ulilishona pande zote, likabaki tabaka nne zilizofungiwa pamoja na maji katikati. Lifumue. Mwambie fundi azishike tabaka upande mmoja tu, kama kurasa za daftari, ili ukianika unazifungua. Sheria hiyo hiyo kwa kila pedi utakayoshonesha kuanzia leo.

Khanga iwe kuukuu, iliyofuliwa mpaka ikalainika. Mpya ina wanga na haijaanza kunywa maji vizuri. Ukilazimika kuitumia, ifue kwa maji ya moto mara kadhaa, kisha dondoshea tone la maji. Likitulia juu kama shanga, bado. Likizama papo hapo, tayari. Fulana kuukuu za pamba nazo zinafaa sana, angalia tu zisiwe za poliesta kama jezi za mpira.

Kwa usiku, panga hivi ndani ya mfuko: chini kabisa taulo lililofumuliwa, tabaka mbili, juu yake khanga iliyokunjwa, juu ya khanga maikrofaiba moja. Halafu juu ya nepi yote, pale panapogusa ngozi, tandaza kipande cha flisi. Kwa upande wa pedi, hiki ndicho kitu pekee ninachokutuma ukanunue. Tafuta kwenye mitumba blanketi au sweta la flisi, lile jepesi lenye manyoya mafupi laini, ukate vipande vya sentimita 20 kwa 45. Havihitaji hata kupindwa, flisi haifumuki nyuzi. Poliesta yake hainywi maji, inayapitisha tu, kwa hiyo mkojo unashuka chini na juu kunabaki karibu pakavu. Flana uliyonayo sasa ni pamba. Inashika mkojo pale pale kwenye ngozi ya mama, na wekundu unaouona umechangiwa na hilo. Si kila flisi inapitisha vizuri, basi imwagie maji kidogo kabla ya kununua: yakipenya, chukua, yakibaki juu yanatembea, iache.

Ukitaka kujua kama pedi ya usiku inatosha bila kubahatisha, azima mizani kwa mtu anayeoka keki mtaani kwenu. Pima nepi ikiwa kavu na pedi zake zote, andika. Pima tena asubuhi ikiwa imefungwa kwenye mfuko safi. Kila gramu iliyoongezeka ni kama mililita moja ya mkojo. Ukipata gramu 600, unajua pedi yako lazima ibebe 600 chini ya kibao cha mboga bila kutema, na zaidi kidogo. Ikiwa ni zaidi ya hapo, ni heri kumbadilisha mara moja katikati ya usiku kuliko kumrundikia tabaka hadi nyonga zake zikanyanyuka kitandani.

Mafuta ya mgando mengi yanakuangusha pande mbili. Yanaingia kwenye kitambaa na kukizuia kunywa, na yanaficha ngozi usione inavyoendelea. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu, mkaushe kwa kugusagusa bila kusugua, paka mafuta membamba sana tu, na flisi iwe katikati ya ngozi na nepi. Poda usitumie, inaganda mikunjoni. Wekundu ukiwa na vipele vidogo pembeni, au ngozi ikichubuka, mpeleke zahanati, huenda ni fangasi na dawa yake ni nyingine. Na kwa mtu ambaye upande mmoja hausikii vizuri, angalia ule upande kwa macho yako kila unapombadilisha, maana hatakwambia panauma.

Kufua nako kuna yake. Laini ya nguo yenye manukato, ile inayotiwa mwisho, usiitie kabisa kwenye pedi, inapaka nyuzi utando na hazinywi tena. Kama maji yenu ni ya kisima na sabuni haitoi povu, sabuni ya kipande inaacha mabaki meupe yanayofanya kitambaa kigumu. Tumia ya unga kiasi, na suuza ya mwisho fanya kwa maji ya mvua, ambayo masika haya hayana shida. Dawa ya klorini siyo ya kila siku, inakula lastiki na kile kitambaa cha nje. Pedi ikianza kunuka vikali mara tu mama akikojoa, ujue kuna mkojo wa zamani uliobaki ndani. Chemsha zile za pamba peke yake.

Halafu kuna jambo ambalo kwa watu wa kwetu ni lazima nilitaje. Yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, na harufu ya mkojo inamvuta zaidi. Buu akitoka anaingia kwenye ngozi ya anayevaa na kuota kama jipu. Pedi zote za pamba zipige pasi pande zote mbili, pasi ya mkaa inatosha ikiwa na moto wa kutosha, hasa kwenye mapindo. Flisi, maikrofaiba na nepi za nje haziwezi pasi ya moto, zitayeyuka au kuharibika, kwa hiyo hizo zianike ndani ya nyumba kwenye kamba karibu na dirisha lenye wavu.

Kuhusu kaka yako, mwambie kwa adabu kwamba maji hayapunguzwi. Mkojo wa mtu asiyekunywa unakuwa mzito, unakera kibofu kikatoa mara kwa mara, unachoma ngozi, unanuka zaidi, na choo kinakuwa kigumu, nacho kikijaa kinasukuma kibofu. Mpe maji ya kutosha asubuhi na mchana, punguza kidogo tu saa mbili kabla ya kulala, chai usiku acha. Tena, mkojo baada ya kiharusi si lazima uwe wa maisha. Wengi hupata nafuu kadiri miezi inavyokwenda, hasa wakizoeshwa kwenda chooni kwa saa. Hospitali wampime mkojo kuona kama kuna maambukizi, wampime sukari, na waangalie kama kibofu kinamaliza mkojo wote. Akipata homa, maumivu anapokojoa, damu, au akianza kuchanganyikiwa ghafla, usingoje kesho.

Huko kuzoeshwa kwa saa ndiko kunakoniunganishia na swala. Mwombe fundi akate tundu kwenye kiti cha plastiki, weka ndoo chini yake. Kila adhana ikisikika, mkalishe hapo kwanza hata kama hajisikii kitu, mwache dakika chache bila kumharakisha, kisha umsafishe na umfunge pedi mpya. Alfajiri mpaka adhuhuri ni mbali, kwa hiyo ongeza mara moja saa nne asubuhi. Na hukumu ya mtu asiyeweza kuzuia mkojo inajulikana vizuri kwa Mashafi, ambao ndio wengi wa watu wa pwani: wakati ukiingia anajisafisha, anafunga kitambaa safi, anatia udhu na kuswali bila kuchelewa, na kinachomtoka baada ya hapo bila hiari yake hakimharibii swala ile. Asiyeweza kusimama anaswali ameketi. Usimweleze wewe. Mwombe sheikh wa msikiti wenu, au mwalimu wa kike wa madrasa ambaye mama anamheshimu, aje amwambie mwenyewe, ndiyo moyo wake utatulia. Ile pedi mpya ya kila adhana nayo itampa mama sababu ya kuitaka nepi, badala ya kuivumilia.

Kwa hesabu hiyo unabadilisha mara 6 mchana na jioni, na mara moja usiku, jumla 7. Pedi zikichukua siku mbili kukauka, unahitaji seti ya siku tatu, yaani pedi 21. Doti moja ya khanga inatoa pedi 4, kwa hiyo doti 6 zinakutosheleza. Sioni haja ya kununua hata moja. Waombe mashangazi, wifi na majirani khanga zao kuukuu. Wengi watafurahi kupewa njia ya kumsaidia mama yako ambayo haihitaji fedha.

Sasa mianzi na hempu ulizoulizia. Pedi za mianzi ni viskosi, yaani mianzi imeyeyushwa kwa kemikali na kuvutwa upya kuwa uzi. Ni laini kweli, na inashika maji zaidi ya pamba ya uzito ule ule. Lakini ikilowa inakuwa dhaifu, na inakawia kukauka. Pangani wakati wa masika sikushauri. Hempu, ambayo ni nyuzi za mmea wa jamii ya bangi na haileweshi, huchanganywa na pamba. Inashika mkojo kwa nguvu, haitemi, na inadumu miaka. Ubaya wake ni kwamba inakunywa polepole, haifai kuwa juu, na ikifuliwa kwa maji ya chumvi inakuwa ngumu. Kama kaka zako wanataka kutoa kitu kikubwa mara moja badala ya kuhangaika na pampasi kila mwezi, waombe pedi tatu za hempu za watu wazima kwa ajili ya usiku, zikae pale chini mahali pa taulo. Zaidi ya tatu ni kutupa fedha. Pampasi usizifukuze zote pia, weka pakiti moja kwa siku za kwenda hospitali na za safari.

Fanya jambo moja moja. Wiki hii flisi, kufumua taulo na kumrudia fundi. Kisha pima usiku mmoja na uniandikie: gramu ulizopata, upande anaolalia mama, na sehemu ya pedi uliyoikuta kavu. Nitakwambia kama hiyo hempu mnaihitaji kweli.